Kunyamaza Si Kupatana

Msimu wa harusi ufikapo, hasa shule zifungwapo mwezi wa Agosti na wa Desemba, kuna neno moja ambalo halikosi kusikika katika hotuba za wazee, mahubiri ya viongozi wa dini na wasia wa makungwi. Neno lenyewe ni "vumilia". Bi harusi huambiwa avumilie, kwani ndoa ndivyo ilivyo. Bwana harusi naye hukumbushwa kwamba mwanamume kamili hatoi siri za nyumba yake nje. Vigelegele hupigwa, picha hupigwa, na kila mtu hurejea kwake akiamini kwamba wawili hao wamepewa silaha ya kutosha ya kukabiliana na maisha.

Mimi sina ugomvi na uvumilivu. Asiye na subira hawezi kuishi na mwenzake chini ya paa moja, na wahenga hawakukosea waliposema kwamba vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Ninalolipinga ni fundisho la pili lililojificha nyuma ya neno hilo, yaani kwamba mtu akimeza uchungu wake na kunyamaza, basi ugomvi umekwisha. Haujakwisha. Umehama tu, ukatoka sebuleni ukaingia katika mishipa ya damu. Wala sisemi hivi kwa mafumbo ya washairi. Ni jambo lililopimwa hospitalini na katika maabara kwa miaka mingi, na naona walimu na wanafunzi ndio wanaostahili kulijua mapema kuliko wengine wote, kwa sababu walimu ndio washauri wa jamii hata wasipotaka, na wanafunzi ndio maharusi wa kesho.

Kwanza tuelewe mwili wenyewe unavyofanya kazi. Mtu akutanapo na hatari, tuseme nyoka njiani, ubongo hupeleka habari hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humimina ndani ya damu kemikali ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio. Shinikizo la damu hupanda. Sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana, na shughuli zisizo za haraka, kama vile kusaga chakula na kuponya majeraha, huahirishwa. Mpango huu ni wa busara kabisa, kwani nyoka akishaingia kichakani, kila kitu hurudi mahali pake baada ya muda mfupi. Lakini je, ikiwa nyoka huyo analala kitanda kimoja nawe? (Mabibi na mabwana wataniwia radhi, huu ni mfano tu.) Mtu ambaye kila jioni husikia ufunguo ukizungushwa mlangoni na papo hapo moyo ukaanza kumdunda, mwili wake hauna nafasi ya kurudi mahali pake. Kemikali ambazo zilikusudiwa kufanya kazi kwa dakika chache hukaa katika damu kwa majuma na miaka.

Watu waliolifuatilia jambo hili kwa uvumilivu mkubwa ni mke na mume, Bi. Janice Kiecolt-Glaser na Bw. Ronald Glaser, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani. Mke alikuwa mtaalamu wa saikolojia, mume mtaalamu wa virusi na kinga ya mwili. Mwaka wa 1993 walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusu jozi 90 za maharusi, wote wakiwa na afya njema ya mwili na ya akili. Waliwalaza hospitalini kwa saa 24, wakawaomba wazungumzie mambo wanayokosania, huku damu yao ikichukuliwa mara kwa mara. Wale waliozungumza kwa kejeli, dharau na kukatizana maneno walionekana kesho yake wakiwa na kinga ya mwili iliyodhoofika kuliko wenzao, na udhoofu huo ulikuwa mkubwa zaidi kwa wake kuliko kwa waume. Tukumbuke kwamba hao walikuwa watu wa fungate, si wazee waliochokana.

Utafiti wao wa mwaka wa 2005 ndio unaonisisimua zaidi, kwa sababu hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuuelewa. Walichukua mume na mke 42, yaani jozi 42, baadhi yao vijana wa miaka 22 na wengine wazee wa zaidi ya miaka 70. Kwa kutumia kifaa kinachofyonza ngozi taratibu, waliwatoa kila mmoja malengelenge madogo kwenye mkono, kisha wakaangalia vidonda hivyo vinapona kwa siku ngapi. Jozi zote zilifika hospitalini mara mbili. Mara ya kwanza walizungumza kwa upole, kila mmoja akieleza jambo ambalo angependa kulibadilisha katika nafsi yake mwenyewe na mwenzake akimsaidia. Mara ya pili walitakiwa kujadili jambo wanalogombania. Vidonda vya mara ya pili vilichelewa kupona. Nusu saa ya ubishi ilitosha kuongeza siku nzima. Isitoshe, jozi zilizokuwa na uhasama katika mazungumzo yao zilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya jozi zilizozungumza kwa heshima. Damu yao asubuhi iliyofuata ilikuwa na wingi wa zile kemikali ambazo hushiriki katika kuvimba kwa viungo na ambazo, zikidumu mwilini, huhusishwa na maradhi ya moyo na ya kisukari.

Tuone vizuri kilichopimwa hapo. Jozi zote 42 zilikuwa na mambo ya kukosania; hakuna aliyepona haraka kwa sababu ndoa yake haikuwa na kasoro. Tofauti ilitokana na namna ya kukosana.

Wanafunzi nao wasidhani kwamba haya ni mambo ya wakubwa. Mwaka wa 1998 Bi. Kiecolt-Glaser na wenzake waliwatia wanafunzi 11 wa udaktari wa meno kidonda kidogo kwenye kaakaa mara mbili, kwanza wakati wa likizo, kisha siku tatu kabla ya mtihani. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichukua takriban siku tatu zaidi kupona. Ikiwa mtihani wa juma moja waweza kufanya hayo, ndoa yenye mtihani wa kila siku itafanya nini?

Jibu moja lilitoka Sweden. Mwaka wa 2000 daktari Kristina Orth-Gomér na wenzake walieleza habari za wanawake 292 wa mji wa Stockholm, wa umri wa miaka 30 hadi 65, ambao walikuwa wamelazwa hospitalini kwa ugonjwa wa moyo. Waliwafuatilia kwa karibu miaka mitano. Miongoni mwa waliokuwa wakiishi na wanaume, wale wenye dhiki kubwa ya ndoa walikuwa katika hatari ya kushikwa tena na ugonjwa huo karibu mara tatu ya wale ambao nyumba zao zilikuwa na utulivu. Dhiki ya kazini haikuwa na athari kama hiyo. Nimelirudia jambo hili mara nyingi katika mazungumzo ya staffruumu, kwa maana sisi walimu hupenda kulaumu kazi kwa kila maradhi: mara ni wingi wa madaftari, mara ni mwalimu mkuu, mara ni mshahara. Yote hayo yana uzito wake, lakini kengele ya saa kumi hulia na kazi huisha. Nyumba haina kengele.

Hapa ndipo nirudipo kwenye neno "vumilia". Katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, wakazi wamekuwa wakichunguzwa mioyo yao tangu mwaka wa 1948, na baadaye watoto wa wakazi hao nao wakaingizwa katika uchunguzi. Mwaka wa 2007 mtafiti Elaine Eaker na wenzake walichapisha matokeo yaliyowahusu watu zaidi ya 3,600 waliofuatiliwa kwa miaka kumi. Waliulizwa, pamoja na mengine, kama hunyamaza na kuficha hisia zao wanapokosana na waume au wake zao. Karibu thuluthi moja ya wanaume walikubali kwamba hunyamaza, na karibu robo ya wanawake. Kwa wanaume, kimya hicho hakikuonyesha madhara. Kwa wanawake, wale waliozoea kunyamaza walikuwa katika hatari ya kufa katika miaka hiyo kumi mara nne ya wale waliosema yaliyokuwa moyoni mwao. Hesabu hiyo ilibaki hivyo hata baada ya umri, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu na mambo mengine kuzingatiwa.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba hao ni Wamarekani, na kwamba kimya cha Framingham si kimya cha Kakamega wala cha Lamu. Ni kweli. Kwetu kuna kimya cha heshima, kimya cha kusubiri hasira ipoe, na kimya cha mtu anayekwenda kumtafuta shangazi ili azungumze kwa niaba yake. Hicho si kimya kinachoua. Mke anayenyamaza leo kwa kuwa anajua keshokutwa wazee watakaa naye, amezungumza tayari. Ninayemhofia ni yule ambaye hana keshokutwa. Yule aliyeambiwa na mama yake, na mama mkwe, na mhubiri, na jirani, kwamba nyumba hujengwa na mwanamke, na kwa hiyo akibomokewa ajilaumu mwenyewe. Tena mila zile za upatanisho zinapungua mijini. Shangazi yuko kijijini, kungwi hana nafasi katika nyumba ya chumba kimoja mjini, na washenga walikwisha kazi siku ya mahari. Tumebaki na neno "vumilia" peke yake, lakini wale watu waliokuwa wakilifanya livumilike hawapo.

Walimu wa fasihi watakumbuka hapa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka wa 1858 na mama wa Pate aliyekuwa mgonjwa, akimwusia binti yake namna ya kuishi na mume. Siwaungi mkono wanaoutupa utendi huo kwa sababu ya mafunzo yake ya utiifu. Ni sauti ya mama aliyejua kwamba hataishi muda mrefu, naye alimpa mwanawe alichokuwa nacho. Kosa ni letu, tunapoufundisha kama orodha ya wajibu wa mke, mwanafunzi akariri, apate alama, asiulizwe hata mara moja: na mume wa nyumba hiyo ana wasia gani? Aidha methali zetu hazina kauli moja. Aliyesema kwamba mvumilivu hula mbivu ndiye huyo huyo aliyesema kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Mbona siku ya harusi tunachagua ile moja tu?

Mazoea haya hayaanzi harusini, na ushahidi wake wa awali ulipatikana karibu nasi. Mwaka wa 1954 mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth alihamia Kampala, akaanza kuzitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na mji huo, akiangalia watoto wachanga wa Kiganda na mama zao kwa muda wa miezi mingi. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka wa 1967. Aligundua kwamba mtoto ambaye mama yake humsikiza na kumjibu alipata ujasiri wa kutambaa mbali naye, akijua kwamba akirudi atampata. Wengine walilia na kung'ang'ania, wakiwa hawana hakika. Baadaye Ainsworth aliendeleza kazi hiyo Marekani, akabainisha pia kundi la watoto ambao hujifanya hawamhitaji mtu. Mwaka wa 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walionyesha kwamba watu wazima hupenda kwa namna zizo hizo tatu. Kuna anayependa kwa utulivu. Kuna anayependa kwa hofu, akiuliza kila saa, "Uko wapi? Mbona hujapiga simu?" Na kuna anayejifungia ndani ya gazeti au simu yake, ukimgusa moyo anaondoka chumbani. Wa pili na wa tatu wakioana, mmoja hufukuza na mwingine hukimbia, na miili ya wote wawili iko mbioni usiku kucha ijapokuwa wamelala.

Naliwahi kufanya kazi na mwalimu mmoja ambaye sitamtaja, wala shule yenyewe. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na sisi tulimsifu kwa bidii yake. Mkobani hakukosa vidonge vya shinikizo la damu, naye hakuwa ametimiza miaka arobaini. Kumbe bidii ile ilikuwa ni kuikimbia nyumba. Shangazi yake alipopata habari, alipanda basi, akamwita na kaka wa mume, wakaketi wanne Jumapili kadhaa mfululizo. Sidai kwamba shangazi ni dawa ya shinikizo la damu. Mwenzetu aliendelea kumeza vidonge vyake, na mtu mmoja si utafiti. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba alianza kwenda nyumbani saa kumi.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa humu nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa kamwe. Chumvi, mafuta, unene, pombe na urithi wa ukoo vina sehemu yao, na mwenye ndoa tamu asidhani kwamba amesamehewa kwenda kupimwa. Hata hivyo katika zahanati zetu mgonjwa huulizwa anakula nini na kama anavuta sigara. Ni nadra sana aulizwe nyumbani kwake kukoje. Swali hilo halihitaji mashine.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka wa 2018 Tume ya Huduma za Walimu ilianza kuwahamisha walimu mbali na maeneo ya kwao, na nyumba nyingi zikagawanyika, mume huku, mke kule, watoto kwa nyanya. Mwaka wa 2022 Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kutaka mpango huo ukomeshwe. Katika mabishano yote ya miaka hiyo tulisikia habari za umoja wa taifa na za gharama ya nauli. Afya ya watu waliokuwa wakiendesha ndoa kwa simu haikupata msemaji, kana kwamba mwalimu ni chaki, hubebwa tu kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Mwaka wa 2010 uchambuzi wa tafiti 148, zilizohusu watu zaidi ya laki tatu, ulionyesha kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi wa wapweke kwa asilimia 50. Anayewatenganisha watu kwa karatasi ya uhamisho na azikumbuke hesabu hizo.

Kuna jambo moja ambalo halimo kabisa katika haya niliyoyaeleza ya kuzungumza na kupatana, nalo ni kipigo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa tangu walipotimiza miaka 15. Anayepigwa hahitaji mafunzo ya kusema kwa upole. Anahitaji daktari, polisi, na mahali salama pa kulala, na sheria ya mwaka wa 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani inampa haki ya kuomba amri ya mahakama ya kumlinda. Mzee, mhubiri au mwalimu anayemwambia mtu huyo avumilie anashiriki katika kosa.

Kwa wale wengine, ambao nyumba zao zina maneno tu, au hazina hata hayo maneno, shule yaweza kufanya mengi kuliko tunavyodhani. Idara za ushauri nasaha huzungumza na wanafunzi juu ya mimba, dawa za kulevya na mitihani. Ni mara chache wanafundishwa namna ya kukosana. Kinyume chake, katika vyama vyetu vya mijadala tunawafundisha kushinda: mpinzani akatizwe, achekwe, apewe jina, na anayemwaibisha zaidi ndiye apigiwe makofi na kupewa kikombe. Kisha miaka kumi baadaye tunashangaa anapoutumia ustadi huo huo jikoni.

Mimi napendekeza kwa walimu wenzangu wa Kiswahili, ambao ndio aghalabu walezi wa vyama hivyo, waongeze kanuni moja katika mijadala ya Ijumaa. Kabla ya msemaji kujibu hoja, kwanza aieleze hoja ya mpinzani kwa maneno yake mwenyewe, mpaka mpinzani akubali na kusema, "Naam, hivyo ndivyo nilivyosema." Asipokubali, arudie. Alama zitolewe kwa kusikiza kama zinavyotolewa kwa kusema. Naliijaribu kanuni hii na kidato cha tatu. Siku ya kwanza mjadala mzima uliishia kwenye hoja moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemsikia mwenzake.